Aliyemkumbuka Ororo

Mtoto wa kike anafukiwa na kifusi jijini Cairo pamoja na wazazi wake. Yeye anatoka hai, wao hawatoki. Tangu siku hiyo kuta zikimsogelea pumzi humkatika, hata baada ya kukua na kujifunza kuita mvua na kuangusha radi. Huyo ni Ororo, shujaa wa katuni za X-Men, ambaye mama yake ni Mkenya. Wamarekani humwita Storm. Sisi wa Bujumbura, tuliomkuta katika Spécial Strange za Kifaransa zilizochapishwa Lyon, tulimwita Tornade. Majarida hayo yalizunguka mtaani kwetu Buyenzi mkono kwa mkono hadi jalada likachomoka, zikafuata kurasa za mwanzo, ikawa hadithi unaidakia katikati. Hatukujali. Ukimwona anashuka handakini, ulijua kabla hajasema neno kwamba jasho litamtoka.

Ujuzi wa namna hiyo hauji bure. Kuna mtu amekaa anakumbuka. Ororo aliundwa mwaka 1975 na Len Wein pamoja na mchoraji Dave Cockrum, ila aliyemlea ni Chris Claremont, aliyeshika kalamu ya X-Men mwaka huohuo asiiweke chini hadi 1991. Wachoraji walikuja wakaondoka. Pua ya Ororo ilibadilika, urefu wa nywele ukabadilika, naye akabaki Ororo.

Wapo watakaonikumbusha mwaka 1983, na mimi ndio mwaka ninaoutaka. Katika mahandaki yaleyale anayoyaogopa, chini ya New York, Ororo anapigana kwa visu na Callisto, kiongozi wa Morlocks, watu waliotengwa wanaoishi humo chini, na anamchoma kifuani. Ni yeye aliyekuwa ameapa kutotoa uhai wa mtu. Haoni aibu mara moja, halii, wala hatubu. Kitu kimepasuka ndani na mwandishi anatuachia tukisikie kikivuja, toleo baada ya toleo. Kisha anakwenda Japani, anakutana na Yukio, mwanamke anayecheza na kifo kama wengine wanavyocheza karata, na anarudi amevaa ngozi nyeusi, nywele zimenyolewa pembeni zikabaki kishungi cha katikati. Kitty, binti anayempenda kama mama, anamwona na kukimbia akilia. Mimi kilio hicho ndicho nilichokipenda kuliko radi zote. Mtu anapogeuka, lazima awepo wa kuumia. Mwaka uliofuata Ororo alipoteza uwezo wake wote, na mwaka 1986, hana hata tone la mvua la kumsaidia, akamshinda mwenzake Cyclops katika pambano la kugombea uongozi wa X-Men. Nani alishangaa? Tulikwisha kumjua.

Na asidhani mtu kuwa huu ni ufundi wa ng'ambo. Mwaka 1997, vita vikiendelea nchini Burundi, Studio Ijambo ilianza mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Mwandishi wake, Marie-Louise Sibazuri, aliwabeba watu wake kwa mamia ya vipindi. Fikiria alikuwa akiwaandikia nani. Wasikilizaji wake walikuwa wameshuhudia majirani halisi wakilala na sura moja na kuamka na nyingine. Mbele ya watu kama hao, kumgeuza mhusika kati ya kipindi na kipindi bila kueleza kilichomgeuza kungekuwa kutonesha kidonda. Ilibidi kila hasira iwe na mlango ilioingilia, na kila msamaha uwe na gharama. Shule ya uandishi iliyo kali kuliko hiyo siijui.

Siku hizi mashujaa wa kike hupewa nguvu nyingi na kumbukumbu kidogo. Tabia hii haikuanza jana: mwaka 1968 Wonder Woman alinyang'anywa uwezo wake akafungua duka la nguo, na mwaka 1973 akarudishiwa kila kitu, miaka mitano ikafagiliwa chini ya mkeka. Lakini Ororo ndiye anayeniuma. Hata kwao hapajatulia: mara Kenya, mara mbuga za Serengeti, kana kwamba Namanga hapana mpaka. Mwaka 1980 Claremont alisimulia jinsi Ororo, akiwa msichana mdogo, alivyomwokoa mwanamfalme T'Challa wa Wakanda mikononi mwa watekaji. Mwaka 2006 wengine wakakichukua kisa hicho, wakakirefusha na kukipinda ili kizae harusi. Harusi ikafanyika, yenye wageni wengi na picha nzuri. Mwaka 2012, Wakanda ilipogharikishwa katika vita vya X-Men na Avengers, mume akamwambia kwa maneno machache kwamba ndoa imebatilishwa, na kuhani mkuu aliyeibatilisha alikuwa yeye mwenyewe.

Ugomvi wa mke na mume siukatai. Ndoa huvunjika hata Buyenzi. Ninachotafuta ni Kitty wa safari hii. Zamani, Louise Simonson alipokuwa mhariri wa Claremont, palikuwa na mtu wa pili mezani wa kuuliza mwanamke huyu alitoka wapi mwezi uliopita na nani ataumia mwezi ujao. Mwaka 2012 ndoa ya miaka sita ilimalizwa katikati ya vita vya watu wengine, na vita vikaendelea kwenye ukurasa uliofuata.