Adui Mwenye Historia: Anime na Mtazamo wa Maisha wa Mtazamaji wa Kakuyuni

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu athari za filamu za katuni za Kijapani, ziitwazo anime, kwa vijana wetu umeendeshwa na kambi mbili. Ya kwanza inaziona kuwa kasumba inayomtenga kijana na mila zake. Ya pili inazisifu kwa kufunza bidii, urafiki na uvumilivu. Kambi hizi zinapingana katika hukumu, lakini zimeafikiana katika jambo la msingi ambalo makala haya yanalitilia shaka: zote mbili humchukulia mtazamaji kuwa mtungi mtupu unaopokea chochote kinachomiminwa.

Uhakiki wa Kiswahili umekwisha kuupitia mjadala wa namna hii. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilishutumiwa kwamba ingewapotosha wanafunzi, ikazuiwa shuleni. Baadaye ilikuja kusomwa kama kazi inayofichua jinsi ukali wa baba unavyoweza kumwangamiza mtoto. Maandishi yalikuwa yale yale. Wasomaji ndio waliomwendea Rosa na swali jingine. Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, inatukumbusha kuwa mpokeaji huikabili kazi akiwa na upeo wake wa matarajio. Kwa hiyo, anayetaka kujua anime inamfanyia nini mtazamaji hana budi kuuliza kwanza mtazamaji huyo ameketi wapi.

2. Upeo wa mtazamaji

Tumechagua kuketi Kakuyuni, wadi iliyo bara ya mji wa Malindi, katika eneo la Wagiriama, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtazamaji wa hapa ana mambo mawili ambayo mtazamaji wa Tokyo hana. La kwanza ni urithi wa kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. La pili ni msiba ulio hai: katika kaunti ya Kilifi, wazee wamekuwa wakituhumiwa uchawi na kuuawa, mara nyingi nyuma ya tuhuma kukiwa na ugomvi wa ardhi. Huko Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe.

Aidha, mtazamaji huyu amelelewa na ngano. Katika nyingi ya ngano zetu, zimwi halina utoto. Linakula watu kwa kuwa ni zimwi, na hadithi hukamilika linapouawa. Ngano haina kosa kwa hilo, kwani ndiyo kanuni ya utanzu wake. Hatari huanza kanuni hiyo inapohamishwa kutoka jikoni kwa bibi hadi kwenye baraza la ukoo, mzee mwenye mvi akapewa nafasi ya zimwi: mtu asiye na historia ila ubaya wake.

3. Naruto: mtoto anayeogopwa

Naruto, hadithi ya Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapishwa mwaka 1999 na kuingia katika televisheni mwaka 2002, inaanzia papo hapo. Shujaa wake ni yatima anayebaguliwa na kijiji kizima kwa sababu mnyama wa maangamizi amefungiwa mwilini mwake alipokuwa mchanga. Hakulichagua jambo hilo, na kwa muda mrefu hata halijui. Kijiji kinamwogopa kwa nguvu ambayo hajaitumia. Kwa mtazamaji wa Kakuyuni, mpangilio huu si mgeni hata kidogo. Kilichogeuzwa ni mahali kamera ilipowekwa. Anatazama tuhuma kutoka upande wa mtuhumiwa.

Mbinu hiyo inaendelezwa kwa maadui. Nagato, anayekiangamiza kijiji cha Naruto na kumuua mwalimu wake, anapewa utoto wake: wazazi wake waliuawa na askari wa kijiji hicho hicho wakati wa vita. Hata hivyo, hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi hii. Baada ya mazungumzo, Nagato anautoa uhai wake na kuwafufua aliowaua kijijini. Msamaha unapatikana baada ya hasara kufutwa. Mtazamaji anafunzwa kusikiliza, lakini pia anapewa faraja isiyolipiwa. Mzee aliyeuawa Kilifi harudishwi na hotuba yoyote, na maadili yanayotegemea ufufuo hayamfai mjane wake.

4. Mononoke-hime: kuelewa bila kusamehe

Filamu ya Hayao Miyazaki, Mononoke-hime (1997), ni kali zaidi. Bibi Eboshi anaukata msitu wa miungu ili kuendesha karakana yake ya chuma, na hatimaye anamfyatulia risasi Mungu wa Msitu na kumkata kichwa. Lakini ndiye pia anayewahifadhi wagonjwa wa ukoma na wanawake aliowatoa madanguroni. Mtazamaji hawezi kumpenda wala kumtupa.

Je, usawa huu wa huruma unamfaa Mgiriama? Mwaka 1914, baada ya upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu anaweza kuhoji, na kwa haki, kwamba kumtafutia mlipuaji historia ni kumtafutia udhuru. Tungekubaliana na pingamizi hilo iwapo filamu ingeishia kwenye upatanisho. Haiishii hapo. Msitu unachipua upya, lakini mungu wake hayupo. San, msichana aliyelelewa na mbwa-mwitu, anamwambia Ashitaka kwamba hawezi kuwasamehe wanadamu. Ashitaka halipingi jambo hilo. Anabaki kuishi karakanani, naye San anarudi msituni. Kuelewa kumetenganishwa na kusamehe, na aliyedhulumiwa amebakishiwa haki ya kukataa.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa athari ya anime kwa mtazamo wa maisha haimo katika mafunzo yanayotamkwa na wahusika, ambayo aghalabu ni mepesi. Imo katika umbo la masimulizi, yaani katika mazoea ya kumdai kila adui historia yake kabla ya hukumu. Mazoea hayo hayamlazimishi mtazamaji kutenda wema. Kijana anaweza kumlilia Naruto usiku na asubuhi akanyamaza babu yake anapotuhumiwa. Lakini hawezi tena kudai kwamba hajawahi kuiona tuhuma kutoka upande wa pili.

Katika hilo, Mononoke-hime inamfaa mtazamaji wa Kakuyuni kuliko Naruto, kwa kuwa inamwachia hasara yake ikiwa nzima. Wahakiki na walimu wa fasihi wa pwani wasimalize nguvu zao katika kuuliza kama katuni hizi ni zetu au za wageni. Waulize, pamoja na wanafunzi wao, nani ametajwa zimwi katika kijiji hiki, nani alimtaja, na shamba lake limepakana na la nani.