Sura ya Pembeni: Waandishi wa Kike katika Historia ya Fasihi ya Uganda

Simulizi iliyozoeleka ya fasihi ya Uganda huanzia kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962. Wanawake hutengewa sura yao baadaye, inayoanza na kuundwa kwa FEMRITE, chama cha waandishi wa kike, jijini Kampala katikati ya miaka ya 1990. Makala hii inadai kwamba mpangilio huo, ijapokuwa unakusudia kuwaenzi, unawafuta waliotangulia.

Mwaka 1965 Taban lo Liyong alilalamikia ugumba wa fasihi katika Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Barbara Kimenye alichapisha *Kalasanda*, hadithi fupi zinazochora kwa kejeli ya upole maisha ya kijiji cha Buganda. Baadaye aliwaandikia watoto mfululizo wa vitabu vya Moses. Elvania Zirimu naye alitunga tamthilia, ikiwamo *When the Hunchback Made Rain*. Kazi zilikuwapo, kilichokosekana ni kigezo cha kuzipokea. Mizani ya uhakiki ilitengenezwa kwa ajili ya riwaya ya ukoloni na dola. Hadithi ya kijiji, kitabu cha mtoto na mchezo wa jukwaani vilionekana vyepesi kabla havijapimwa.

Mafanikio ya FEMRITE hayana ubishi. Ilichapisha *The Invisible Weevil* ya Mary Karooro Okurut mwaka 1998 na *Secrets No More* ya Goretti Kyomuhendo mwaka 1999. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko, aliyekulia katika chama hicho, alitwaa Tuzo ya Caine. Hata hivyo, chama kilichofungua mlango kimegeuzwa na wahakiki kuwa mwanzo wa nyumba.

Suala hili si la wanahistoria pekee. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Somo hilo litahitaji vitabu vya ziada, na tafsiri za fasihi ya nchini ni chanzo kimojawapo. Orodha ya zamani ikitafsiriwa kama ilivyo, upungufu wake utarithiwa na lugha ya pili ya kusomea. Inapendekezwa kwamba wateuzi wa vitabu wapange kazi kwa miaka, si kwa jinsia, na kwamba hadithi fupi, tamthilia na fasihi ya watoto zipimwe sambamba na riwaya.