Uzani wa Gari la Abiria katika Njia ya Puge

Katika barabara ya lami itokayo Tabora kwenda Nzega, ambayo urefu wake ni takriban kilomita 115, Puge imekaa karibu na katikati, na kwa sababu hiyo gari dogo la abiria aina ya Toyota Hiace lifikapo hapo aghalabu huwa limekwisha jaa, na bado hupakia. Likipinduka mbele ya safari, watu husema ajali haina kinga. Nia ya uchambuzi huu ni kubainisha kwamba sehemu kubwa ya hatari ile hutengenezwa stendi, kabla gurudumu halijazunguka, kwa mkono wa anayepakia. Na jambo lililotengenezwa kwa mkono lina kinga yake.

Tuanze na umbo la chombo chenyewe. Hiace nyingi ziliagizwa kutoka Japani zikiwa zimetumika huko kubebea bidhaa, kisha mafundi wa kwetu wakazitoboa madirisha na kuzichomelea viti. Dereva hukaa juu ya ekseli ya mbele, na kiti cha mwisho huwa juu ya ekseli ya nyuma au kupita nyuma yake. Watu 14, kila mmoja akikisiwa kilo 70, ni kilo 980. Wakizidi hata wakatimia 20, uzito hufika kilo 1,400. Wale wa ziada hubanwa nyuma na mlangoni, na magunia yao ya mpunga, kwa kukosa nafasi ndani, hupandishwa juu ya keria.

Hapo kitovu cha uzito hupanda juu na kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Kwa kurudi nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mkandamizo, usukani ukawa mwepesi mkononi lakini mvivu wa kutii. Kwa kupanda juu, bodi hulala upande hata kwa mkato mdogo. Ng'ombe akikatiza ghafla, dereva hukwepa, tairi la kushoto likaacha lami na kushuka kwenye changarawe, naye kwa hofu huvuta usukani kwa nguvu ili arudi barabarani. Na mvuto ule wa pili, kuliko ng'ombe mwenyewe, ndio ulipinduao gari. Tairi lililokwisha kashata, au lenye upepo pungufu, huzidisha balaa, maana chini ya uzito mkubwa hupata joto likapasuka. Fauka ya hayo, mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, nguvu ya kuzuiwa huzidi mara mbili na nusu, na breki ni zile zile.

Mwaka 2001 NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, ilitahadharisha kwamba magari ya watu 15, yakibeba watu kumi au zaidi, hupinduka katika ajali zisizohusisha gari jingine karibu mara tatu kuliko yaliyo na mzigo mwepesi. Magari yale ni marefu kuliko Hiace, lakini kanuni ya uzito ni moja, na dereva aliyelizoea gari likiwa tupu hukabidhiwa chombo kigeni linapojaa.

Wakenya walilishika jambo hili kwenye shina lake. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, zilifunga matatu ndogo kwenye abiria 14, zikaamuru mkanda kwa kila kiti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Siku za mwanzo magari yaliadimika na watu wakatembea kwa miguu; nidhamu ikaonekana, na utii ulipolegea yakajaa tena.

Nchi ya Unyamwezi, ambamo barabara hii hupita, haihitaji kuazima hekima hii. Wapagazi wa misafara ya Unyanyembe walikuwa na kadiri yao, takriban frasila mbili, yaani kilo 32, na aliyetwikwa zaidi alikuwa na ujasiri wa kukataa kabla ya kung'oa safari. Basi trafiki na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, wahesabu abiria stendi, wasingoje kuwahesabu njiani; mizigo mizito iwekwe chini na mbele, keria iachwe tupu, upepo wa matairi upimwe kila asubuhi kwa kipimo wala si kwa teke; na abiria anayekataa kubanwa asikemewe kuwa msumbufu, kwa kuwa anatetea roho za wote waliomo.