Tangazo, Kiingilio na Mtazamaji wa Same

Katika nchi ambazo biashara ya filamu imeota mizizi, hesabu ya mapato ya milangoni hutangazwa kila mwisho wa juma. Filamu hufunguliwa Ijumaa. Ifikapo Jumapili usiku wenye mali wamekwisha kujua kama wamepata au wamekosa. Na Jumatatu magazeti huzipanga filamu kwa daraja, kama wanafunzi waliotoka katika chumba cha mtihani. Desturi hiyo imeingia katika mazungumzo yetu pia. Mwaka 2023 filamu iitwayo Barbie ilipokusanya kiasi cha dola milioni 162 katika siku zake tatu za kwanza huko Marekani na Kanada, hesabu hiyo ilisambaa duniani upesi kuliko kisa chenyewe. Makala hii yakusudia kuuliza maswali mawili. Kwanza, hesabu ya namna hii hupima nini: ubora wa filamu au nguvu ya tangazo lake? Pili, mtazamaji wa Same na wa milima ya Upare, ambaye kiingilio chake hakiandikwi katika daftari la mtengenezaji yeyote, ana nafasi gani katika hukumu hiyo?

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, maana maneno ya biashara hufichua fikira za wafanya biashara. Wasemaji wa Kiingereza huyaita mapato haya kwa jina la kijumba kidogo ambamo tikiti huuzwa. Fikira yao imekaa kwa muuzaji na sanduku lake. Kiswahili kimefuata njia nyingine. Kutokana na kitenzi kuingia tumepata kuingilia, na kutokana na kuingilia tumepata kiingilio, yaani kitu ambacho kwacho mtu huingia. Katika neno hili hamna kijumba wala sanduku. Yumo mtu anayevuka mlango. Asemaye kwamba filamu imepata viingilio elfu moja amesema, kwa hakika, kwamba mara elfu moja mtu aliamua kuingia. Basi kiingilio ni uamuzi, na uamuzi ni aina ya uhakiki. Mhakiki msomi huandika kurasa tano. Mtazamaji asiye na kalamu hutoa shilingi zake au huzizuia.

Hata hivyo uamuzi wa siku ya kwanza haufanani na uamuzi wa siku ya kumi. Anayeingia Ijumaa hajaiona filamu. Ameliona bango, amesikia tangazo, amevutwa na jina la mchezaji. Anachonunua ni ahadi. Anayeingia juma la pili mara nyingi ametumwa na jirani aliyekwisha kuiona. Huyu ananunua ushahidi. Mifano miwili ya Marekani yatosha kuonyesha tofauti hii. Katika Juni 1975 filamu ya Jaws, yenye kisa cha papa mla watu, ilifunguliwa kwa mara moja katika majumba zaidi ya 400, baada ya kutangazwa katika televisheni kwa gharama ya kiasi cha dola laki saba. Ilikusanya kiasi cha dola milioni saba katika mwisho wa juma wa kwanza, na tangu hapo wenye biashara walijifunza kuzielekeza nguvu zao zote katika siku tatu za mwanzo. Mwaka 2002 ilitoka filamu nyingine, My Big Fat Greek Wedding, iliyogharimu kiasi cha dola milioni tano tu. Ilifunguliwa katika majumba machache, wala haikushika nafasi ya kwanza hata juma moja; lakini watu waliambiana, mwezi baada ya mwezi, hata ikakusanya zaidi ya dola milioni 240 huko Marekani na Kanada. Ya kwanza ilisukumwa na tangazo, na ubora wake ukaidumisha. Ya pili ilibebwa na midomo ya watazamaji. Mtu aliyeisoma hesabu ya mwisho mmoja wa juma asingaliweza kuitabiri.

Watu wa Upare wana kielelezo chao cha jambo hili. Katika milima hiyo ziko ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji ya kuhifadhia maji ya kumwagilia mashamba. Maji ya kijito hukusanywa ndani ya ndiva wakati wa usiku, na asubuhi mlango wake hufunguliwa ili maji yapite katika mifereji na kufika mashambani kwa zamu. Kila mkulima ajua ya kuwa mlango haujazi ndiva. Mlango ukifunguliwa ilhali ndiva haijajaa, shamba la kwanza hulowa na la mwisho hubaki kavu. Tangazo la filamu ndilo mlango. Maji ni imani ya watazamaji, ambayo hukusanyika kidogo kidogo kwa kazi njema zilizotangulia na kwa maneno ya kweli yaliyosemwa juu yake. Filamu inayojaza watu Ijumaa na kupwelea Jumatano imefunguliwa mlango kwa nguvu juu ya ndiva iliyo nusu.

Sasa tutazame ni kwa njia gani filamu zimewafikia watu wa nchi hii. Sinema ya kutufundisha ilitangulia kuundwa karibu na Upare. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Notcutt na Latham waliongoza jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa gari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliendeleza magari ya sinema, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mchezaji mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu. Sinema ya gari la serikali ilionyeshwa bure uwanjani. Jambo hilo laweza kuonekana kuwa hisani, na kwa upande mmoja lilikuwa hisani. Lakini mahali pasipo kiingilio mtazamaji hana namna ya kukataa. Aliyekuja kwa sababu filamu ni njema na aliyekuja kwa sababu ya kuona taa ya umeme walihesabiwa sawasawa.

Mijini mambo yalikuwa mengine. Katika miji mikubwa iliyo pande mbili za Upare, Moshi ilikuwa na Plaza na Tanga ilikuwa na Majestic, na humo tikiti iliuzwa kwa fedha. Jumapili ilikuwa siku kuu ya sinema, na filamu za Kihindi zilivuta jamaa nzima. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwavuta watu wengi wasiojua neno la Kihindi. Ubao na bango viliwaambia siku na saa. Lakini aliyewaambia waende alikuwa mtu wa barazani. Ushahidi wa nguvu ya mazungumzo hayo umebaki katika lugha yetu. Mtu akihadithia mkasa husema, "Picha likaanza." Akitaka kuonya kwamba makubwa yangali mbele husema, "Hiyo ni trela tu." Akimsifu mtu asiyeshindwa husema kwamba steringi hauawi. Hakuna mwenye jumba la sinema aliyelipia maneno hayo. Watazamaji waliyafinyanga wenyewe, nayo yakawa tangazo lisilofutika kwa mvua.

Majumba hayo yalidhoofika kwa sababu nyingi. Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968, likapewa mamlaka ya kuleta na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo mengi yalitwaliwa na serikali. Kisha ikaja kanda ya video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Kwa mtu wa Same mabadiliko haya yalikuwa na sura mbili. Filamu ilimsogelea, ikaingia katika mabasi yapitayo barabara kuu ya Moshi na katika vibanda vya video, vile ambavyo vijana wameviita vibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Papo hapo hesabu ilipotea. Kiingilio kinatolewa mlangoni, tena kwa fedha taslimu, lakini hakuna mkondo unaopeleka habari zake kwa aliyeitengeneza filamu.

Katika kibanda tangazo ni ubao ulioandikwa kwa chaki: jina la picha, saa, na kiingilio. Mara nyingi huongezwa jina la msimulizi, anayeitwa DJ, ambaye ameitia filamu ya kigeni maneno ya Kiswahili. Aliyekuwa mashuhuri miongoni mwa waanzilishi wa sanaa hiyo ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wapo wanaomlaumu msimulizi kwamba huongeza chumvi na hupotosha kisa. Na lawama nzito zaidi ni kwamba haki ya mwenye filamu hailipwi. Lawama hizo zina haki. Lakini mwanaisimu hawezi kupuuza funzo lililomo. Jina la msimulizi linapoandikwa ubaoni ili kuvuta watu, lugha ndiyo inayouzwa. Mtazamaji ametoa kiingilio chake kwa sababu ameahidiwa kuelewa.

Funzo hilo limesahauliwa na wengi wa watengenezaji wetu. Tangu miaka ya 2000 filamu za Dar es Salaam zilisambazwa kwa kanda, kisha kwa santuri za video, na kampuni ya Steps Entertainment ikawa msambazaji mkubwa. Tazama majina yaliyochapwa juu ya majalada: Girlfriend, Oprah, Devil Kingdom. Ndani wachezaji husema Kiswahili. Nje jalada husema Kiingereza. Jina ndilo tangazo la kwanza la filamu, na hapa tangazo limevaa nguo za ugenini ili lionekane limesafiri. Aidha kisa kimoja kilikatwa vipande viwili na kuuzwa mara mbili, hata mnunuzi akalipia mwisho aliodhani amekwisha kuulipia. Mbinu hiyo ilileta fedha za haraka, nayo ikaipunguza imani. Maji yalitumiwa bila ya kungojea usiku.

Wala isidhaniwe kwamba watazamaji hawakuwako. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walifurika Kinondoni kumsindikiza. Hakuna daftari la mapato lililokuwa limeutabiri umati ule. Watazamaji walihesabika siku ya mazishi kwa kuwa hawakuwa wamehesabiwa mlangoni, na mchezaji alikwisha kwenda pasipo kujua idadi yao.

Miaka ya karibuni imeleta mifano mingine ya kutafakari. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Nje ilipewa jina la Kiingereza, lakini nyumbani ilibaki na jina lake, na jina hilo halikuizuia kuvuka bahari. Nchini Kenya, Septemba 2018, filamu ya Rafiki, yenye kisa cha mapenzi ya wasichana wawili, ilifunguliwa Nairobi kwa siku saba tu, baada ya Mahakama Kuu kuisimamisha kwa muda amri ya kuipiga marufuku. Majumba yalijaa. Marufuku yaliyokusudiwa kuificha yaliitangaza kuliko bango lolote. Hesabu ya siku zile saba ilikuwa ya kweli. Lakini ilipima udadisi, na ufupi wa muda, na kisa chenyewe, vyote pamoja, wala haiwezekani kuvitenganisha.

Huenda msomaji akasema kwamba Same ni mji mdogo na shilingi zake ni chache mno kuweza kubadili hukumu. Na tupige hesabu ya kukadiria. Kibanda chenye watu 40 wanaolipa shilingi 500 kila mmoja hupata shilingi 20,000 kwa onyesho moja. Zidisha kwa maonyesho ya juma, kisha kwa vibanda vya Same, Makanya na Hedaru, kisha kwa wilaya zote za nchi. Uchache wa mtu mmoja hauwi uchache wa wote. Tena iko faida isiyokuwa ya fedha: mtengenezaji angejua ni filamu ipi iliyoombwa irudiwe na ipi iliyowatoa watu nje kabla ya mwisho.

Yapo basi mambo matatu yanayostahili kutendwa. La kwanza ni tangazo kusema lugha ya filamu yenyewe, kuanzia jina, na kuahidi kile kilichomo ndani tu. La pili ni kila kibanda kuwa na daftari sahili: jina la filamu, siku, na idadi ya walioingia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ilijenga utaratibu wa ukaguzi na vibali. Mamlaka yanayojua kuuliza kama filamu inafaa kuonyeshwa yaweza pia kuuliza ni watu wangapi walioiona. La tatu ni wahakiki wetu kuacha kuyafanya mapato ya siku tatu kuwa kipimo cha sanaa, na badala yake kulitazama juma la pili na la tatu, ambamo sauti ya tangazo imepungua na ya jirani inasikika.

Mtazamaji wa Same amekuwa akitoa uamuzi wake kwa miaka mingi, shilingi kwa shilingi, akiwa ameketi juu ya benchi gumu. Hukumu yake ipo; kilichokosekana ni mtu wa kuiandika. Lau ingaliandikwa, huenda tungaligundua kwamba filamu tulizozisifu kwa mabango yake hazikufika juma la pili katika kibanda chochote cha Upare, na kwamba nyingine, zisizopata hata mstari mmoja katika gazeti, zimeonyeshwa huko mpaka santuri ikakwaruzika.