Mazoezi au Masimulizi? Kitenzi Kimoja na Uhakiki wa Tamthilia

Mfasiri wa maandishi ya drama hukutana mara kwa mara na kitenzi cha Kiingereza "rehearse", na aghalabu hukifasiri kuwa "kufanya mazoezi". Makala haya yanashikilia kwamba fasiri hiyo ni nusu ya maana, na kwamba nusu iliyoachwa ina uzito katika historia ya tamthilia nchini Kenya.

Kitenzi hiki kina asili ya Kifaransa cha kale, ambako kilihusu kupitisha haro tena shambani, yaani kuyavunjavunja madongoa ya ardhi iliyokwisha kulimwa. Katika Kiingereza kilimaanisha kwanza kusimulia au kuorodhesha yaliyokwisha kusemwa. Maana ya jukwaani ilizuka katika karne ya 16. Shakespeare anazitumia zote mbili katika A Midsummer Night's Dream: mafundi wanakwenda msituni kuuandaa mchezo wao, ilhali Titania anakitumia kwa wimbo ulioshikwa kwa moyo.

Kiswahili huyagawa majukumu haya. "Kukariri" hubeba marudio. "Kudurusu" hubeba kulipitia somo upya. "Mazoezi" hubeba maandalizi ambayo kilele chake kingali mbele. Hapa ndipo penye utata, kwani mazoezi hutazama mbele na masimulizi hutazama nyuma.

Tuchukue mfano wa Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo wa Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu Kenya ya kikoloni. Mwaka 1982 kundi la Kamĩrĩĩthũ lilifungiwa milango ya Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza. Likahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na kile kilichoitwa mazoezi, nayo yakahudhuriwa na maelfu ya watu hadi yalipokomeshwa. Kirasmi, hapakuwa na onyesho lolote. Hata hivyo, hadhira iliyosikia mateso ya wazee wake yakisimuliwa upya kwa nyimbo haikuwa ikingojea kilele kingine.

Huenda ikasemwa kwamba "mazoezi" ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka. Naibaki pale ambapo kazi inaandaliwa. Lakini mhakiki anayeitumia kwa Maitũ Njugĩra bila maelezo anakubali, pasipo kukusudia, kwamba mwaka ule hakuna kilichoigizwa. Waliokomesha mazoezi hayo walikielewa kitenzi hiki vyema zaidi.