Mtihani wa Sahani Moja

Kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa kusahihisha. Nilisahihisha madaftari nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nikasahihisha maandalio ya masomo nikiwa mkufunzi, na nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nikawasahihisha hata wasahihishaji wenzangu. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba siku mjukuu wangu aliponiletea kipindi cha televisheni cha mashindano ya upishi ili nikitazame, nilivaa miwani kisha nikaomba kalamu.

Mjukuu huyo ana miaka 26, ni karani hapa Mtwara mjini, na anapika vizuri. Penye arusi au hitima katika ukoo wetu, yeye ndiye anayesimamia sufuria la wali, na watu hutoka wakimsifu. Siku hiyo alikuwa na haja yake. "Babu," aliniambia, "huyu mwanamke alikuwa akipika nyumbani kwake tu, kama mimi. Akashinda kwenye televisheni, sasa ana mgahawa. Mimi sina televisheni ya kunichukua, lakini nina wewe." Nilimwelewa. Alitaka fedha zangu za korosho za msimu uliopita, aache ukarani, akodi nyumba Shangani na kufungua mgahawa.

Nikamjibu, "Mchumba, ngoja kwanza nimsome huyo mwenzio."

Sisi wa umri wangu televisheni tuliikuta ukubwani. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini huku Bara tulisubiri hadi 1994, na mimi nilikuwa tayari na mvi. Labda ndiyo maana sijazoea kuiamini upesi. Kipindi chenyewe kinaitwa MasterChef. Kilianzia Uingereza mwaka 1990, kikaundwa upya mwaka 2005, kisha kikaenea nchi nyingi. Marekani walianza cha kwao mwaka 2010. Washindani si wapishi wa kazi. Wanatoka maofisini, madarasani na majumbani, wanapewa vyakula na muda wa kupika, saa inahesabu, na waamuzi wanaonja na kutoa hukumu. Anayeshindwa anavua aproni na kwenda zake.

Mwanamke aliyemvutia mjukuu wangu ni Christine Ha, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam, aliyeshinda mwaka 2012. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 14, wala hakumwachia maelezo yoyote ya mapishi yaliyoandikwa. Alipofika chuo kikuu alianza kujifundisha kupika, akijaribu kuzirudisha ladha za mama yake kwa kukisia. Halafu ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukaanza kumnyang'anya macho, hata akafika mashindanoni akiwa haoni. Alipewa msaidizi wa kumwongoza jikoni, lakini upishi ulikuwa wake.

Hapa sina budi kukisifu kipindi kabla ya kukisema. Kasoro kubwa ya mashindano haya ni kwamba mtazamaji haonji. Anaonyeshwa sahani, anaangalia uso wa mwamuzi anayetafuna, kisha anakubali. Chakula, ambacho ni kitu cha pua na ulimi, kinageuzwa kuwa picha. Sasa katika mashindano ya picha akaingia mtu asiyeona. Katika kipindi kimoja alioka pai ya matufaha, akasimama mbele ya mwamuzi Gordon Ramsay akiwa na hakika kwamba ameharibu. Yule bwana, ambaye anajulikana kwa ukali, alimweleza polepole pai ilivyo kwa rangi, kisha akapitisha kisu juu ya ganda lake ili mpishi asikie kwa masikio yake lilivyokauka vizuri. Nimewahi kuwafundisha wanachuo maana ya kumpa mwanafunzi majibu ya kazi yake, na sikupata mfano mzuri kama huo. Mwamuzi aliacha kiti chake, akatafuta njia ya kumfikia aliyepimwa. Mjukuu wangu aliniona nikifuta miwani, akanyamaza kwa adabu.

Lakini nikaendelea kusoma, maana hadithi yenyewe haikwisha siku ile ya taji.

Christine Ha alishinda mwaka 2012, akapata dola 250,000 na nafasi ya kuandika kitabu cha mapishi, kilichotoka mwaka 2013. Mwaka 2014 alikuwa akiendesha pamoja na mwenzake kipindi cha upishi huko Kanada kwa ajili ya wasioona. Mwaka 2015 alikwenda Vietnam kuwa mwamuzi wa mashindano ya namna ile ile. Mgahawa wake wa kwanza, The Blind Goat, maana yake "Mbuzi Kipofu" (alizaliwa katika mwaka ambao kalenda ya Kivietnam inauita wa mbuzi), aliufungua mwaka 2019. Hesabu, msomaji: ni miaka saba. Ushindi ulimpa kiti cha mwamuzi kabla haujampa jiko la biashara. Na alipoanza hakuanza na jumba. Alianza na kibanda ndani ya ukumbi mmoja wa katikati ya jiji la Houston, mahali ambapo wapishi kadhaa wanagawana paa moja na wateja wale wale.

Nikatafuta wa pili nimlinganishe naye, kama tulivyofanya siku zote kwenye kamati ya mitihani. Mwaka huo huo wa 2012, upande wa Uingereza alishinda Shelina Permalloo, ambaye wazazi wake wanatoka Morisi, kisiwa cha bahari hii yetu ya Hindi. Katika fainali alianza na pweza wa kuchoma na akamaliza na embe. Mtu wa Msimbati au Msangamkuu angecheka kusikia kwamba pweza na embe vimeshinda taji Uingereza, lakini angeelewa. Naye hakufungua mgahawa mwaka ule. Aliandika vitabu, akapika huku na huko, na mwaka 2016 ndipo alipofungua mgahawa mjini Southampton. Akauita Lakaz Maman, ambayo kwa Krioli cha Morisi ni nyumba ya mama. Miaka minne.

Wanawake hawa wawili hawajuani kwa ukoo wala kwa nchi, lakini wote walishinda kwa chakula cha mama zao, na wote walikaa miaka kadhaa kati ya taji na mlango wa mgahawa. Kipindi cha televisheni hakituonyeshi miaka hiyo. Kinatuonyesha jasho la saa moja, kisha karatasi za rangi zinamwagika kutoka darini, tunazima. Anayetazama anaondoka akiamini kwamba mgahawa ni sahani ile ile ya ushindi, imeongezewa viti.

Mashindano yanauliza: je, unaweza kupika sahani moja ya ajabu leo? Mgahawa unauliza: je, Jumanne ya mvua, nazi zimepanda bei na msaidizi wako hakuja, utaweza kupika sahani ile ile ya jana, kwa mtu aliyelipa na asiyekupenda? Ni mitihani miwili, na kufaulu mmoja hakukupi cheti cha mwingine. Pweza anayesifiwa na waamuzi ameletwa mezani na watu wa kipindi. Pweza wa kwetu analetwa na bamvua. Wanawake wanashuka mwambani maji yakitoka mbali, mara mbili kwa mwezi, na siku za maji mafu pweza ni adimu sokoni, hata ungekuwa na mataji matatu. Mwenye mgahawa anayeandika "pweza kila siku" kwenye ubao wake ameshaanza kuwadanganya wateja.

Haya si mawazo mapya. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikwisha kulalamika kwamba mitihani yetu inapima kumbukumbu na haipimi tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumikia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, tukaagizwa kuhesabu pia kazi za kila siku za mwanafunzi. Nililifundisha Azimio hilo kwa miaka mingi. Najua kulifundisha. Kulitenda ni habari nyingine, na sasa nifike kwenye alama ambayo ni mimi niliyekosea kuitoa.

Mwaka 1986, nikiwa mkufunzi, nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja kwenye mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa sayansi kimu, darasa la sita, upishi wa uji wa lishe. Kipindi kilikuwa cha dakika 40. Kuni zilikuwa mbichi, jiko halikuwaka, moshi ukajaa, watoto wakakohoa, na kengele ikalia uji ukiwa maji na unga. Mwalimu wa darasa lile aliniambia pembeni kwamba binti yule ndiye bora aliyewahi kumpokea, kwamba huwahi shuleni kabla ya wote, na kwamba watoto wazito wameanza kusoma kwa sababu yake. Nilimsikiliza, nikatikisa kichwa, nikaandika nilichokiona. Alama niliyompa ilikuwa ndogo kiasi kwamba kazi zake zote za kila siku hazikuweza kumwokoa. Alitakiwa arudie mwaka. Hakurudi.

Leo mwanamke huyo ana kibanda cha chakula karibu na soko la samaki, upande wa Feri. Yapata miaka 25 sasa. Ana wali wa nazi, ugali wa muhogo, kisamvu, samaki wa kukaanga, na pweza pale bahari inapompa. Ana daftari lililochakaa la wanaokula kwa mkopo mpaka malipo ya korosho yatoke, na analijua kwa moyo nani hulipa Novemba na nani husubiri hadi afuatwe. Amewasomesha watoto wake kwa kibanda kile. Hakuna mwamuzi aliyewahi kumvisha taji. Wateja wake humpa alama kwa njia moja tu, ya kurudi kesho.

Nimekuwa nikila kwake kila Jumamosi tangu nilipostaafu. Mara ya kwanza niliogopa kuingia. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia marahaba, akaniuliza wali au ugali. Mambo ya uji ule hatujawahi kuyazungumza. Kuna siku nilianza kuyataja, akasema, "Mwalimu, chakula kitapoa," akaenda kuwahudumia wavuvi.

Nirudi kwenye uhakiki wangu, nisije nikaonekana nimekigeuza kipindi cha watu kuwa mahali pa kuungamia. Nitende haki. Mashindano yale yalimpa Christine Ha jina, mtaji na ujasiri, na bila hayo huenda watu wa Houston wasingepanga foleni kwenye kibanda chake. Mwenzetu wa Feri hakuwahi kupata mlango kama huo, na simwonei fahari umaskini wake wa mwanzo. Mtihani wa siku moja una kazi yake: unamtoa mtu jikoni kwa mama yake na kumwonyesha kwa wasiomjua. Kosa linaanza pale sisi tunaotazama, au tunaosahihisha, tunapodhani kwamba umemaliza kazi. Hata viti vya waamuzi havidumu. Wale wawili waliokuwa wakiamua kule Uingereza tangu 2005, hadi kufikia mwaka 2025 wote walikuwa wameachishwa kipindi.

Basi nilimwita mjukuu wangu, nikamsomea niliyoyaandika. Alisikiliza sehemu ya pai akitabasamu na sehemu ya miaka saba akikunja uso. Akauliza, "Kwa hiyo ni hapana, Babu?"

Nikamwambia fedha zipo benki na sitazigusa. Asiache kazi bado. Achukue likizo yake ya mwaka, na baada ya hapo kila Jumamosi na Jumapili, akafanye kazi kwenye kibanda cha Feri kuanzia masika, wakati mifuko ya watu ni mitupu, mpaka korosho zitakapoanza kuuzwa Oktoba. Ikiwa bado anautaka mgahawa baada ya hapo, tutakwenda wote kutazama hiyo nyumba ya Shangani. Kisha nikaenda kumwomba mwenye kibanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yeye aliendelea kukuna nazi, akasema, "Aje. Saa kumi alfajiri."

Leo ni wiki ya tano. Wiki ya kwanza alirudi analalamika mikono inanuka samaki na kwamba wadeni wana maneno matamu. Wiki ya tatu aliacha kulalamika, akaanza kuniuliza bei ya mkaa. Sijampa alama yoyote, ingawa nimetamani. Jumamosi iliyopita yalikuwa maji mafu na pweza hakupatikana. Nilipokaa, mjukuu wangu alikuja mwenyewe kuniambia hivyo, bila kuomba radhi, akaniletea ugali wa muhogo na kisamvu. Nazi ilikuwa imekolea. Nilikula nikamaliza, nikalipa kama wengine.