Kidole Badala ya Kalamu: Jinsi Kishikwambi Kilivyopata Kukubalika

Tarehe 3 Aprili 2010, maduka ya Marekani yalipoanza kuuza kishikwambi cha kwanza cha kampuni ya Apple, kilichopewa jina la iPad, vifaa zaidi ya 300,000 vilichukuliwa na wanunuzi siku ile ile moja. Na jambo hilo ni jepesi kulieleza mpaka mtu akumbuke kuwa kishikwambi hakikuwa kitu kigeni duniani. Mwaka 1972 Alan Kay alikwisha kuandika juu ya kompyuta yenye umbo la daftari, ya kubebwa mkononi na watoto wa kila umri. Na mwaka 2002 kampuni ya Microsoft, pamoja na watengenezaji wa kompyuta walioifuata, ilileta sokoni vibao vyenye kalamu ambavyo kwa nguvu vilikuwa kompyuta kamili. Watu waliovinunua walikuwa wachache. Basi ni wajibu wa mchambuzi kuuliza iPad ilifanywaje hata ikapenya mahali ambapo watangulizi wake, waliokuwa na uwezo mwingi kuliko yenyewe, walikwama mlangoni.

Taksiri ya vibao vya mwaka 2002 ilikuwa katika programu zake. Vingi kati yake havikusikia kidole hata kidogo, bali kalamu maalumu iliyouzwa navyo, na mfumo ulioviendesha ulikuwa Windows XP ile ile ya mezani, iliyoongezewa ufundi wa kusoma mwandiko. Menyu zake, vitufe vyake na pembe za kufungia madirisha zilikuwa zimepimwa kwa ajili ya kishale cha kipanya, kitu chenye ncha kali kama sindano. Mwenye kibao hicho alikuwa ameondoka ofisini huku ameibeba meza yake mikononi, na kila alipotaka kufunga dirisha ilimlazimu kulenga alama ndogo mithili ya punje ya mtama.

Waliobuni iPad waliitupa kalamu, wakajitwisha mzigo mwingine, kwani kidole ni kinene, hakina ncha, na kinaficha kile kile kinachokigusa. Hapa yafaa tutazame kioo. Chini yake mna nyuzi za oksidi ya indiamu na bati, kitu kinachopitisha umeme na nuru kwa pamoja, zilizopangwa za mlalo na za wima kama ukili ulivyopishana katika jamvi. Katika kila makutano hukaa chaji ndogo ya umeme, na kwa kuwa mwili wa mwanadamu, wenye maji na chumvi, ni njia ya umeme, ncha ya kidole ikifika hapo huvuta sehemu ya chaji ile. Kifaa huyakagua makutano yote mara makumi kwa sekunde, kikajua ni wapi palipopungua na ni kwa kadiri gani. Ndiyo sababu ukucha haufui dafu mbele ya kioo hicho, wala kidole kilichovaa glavu nene.

Elimu hiyo nayo ilikuwa ya zamani. E. A. Johnson aliieleza mwaka 1965 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, mjini Geneva, walitengeneza vioo vya namna hiyo kwa ajili ya kuongozea mitambo yao. Ufundi wa kutambua vidole vingi kwa wakati mmoja uliingia Apple mwaka 2005, ilipoinunua kampuni ndogo ya FingerWorks, iliyoanzishwa na Wayne Westerman na John Elias. Kioo, basi, kilikuwapo. Kilichokuwa bado ni akili ya kukitafsiri kile ambacho kioo kinakihisi.

Kidole kinapogusa hakiachi nukta moja, bali doa linalofunika makutano kadhaa, na programu huna budi kuipa kazi ya kupima uzito wa kila makutano na kukadiria kitovu cha doa hilo, kisha kuamua nia ya mwenye kidole. Je, amekusudia kubofya, au anaanza kuusukuma ukurasa? Mguso wa kwanza wa nia hizo mbili ni mmoja. Kwa hiyo programu husubiri kitambo kifupi kama kupepesa jicho, ikitazama kama kidole kitahama. Kikihama, ukurasa hukifuata, na kikiachia, ukurasa huendelea kuteleza huku ukipungua mwendo, na ukifika mwisho hunyumbuka kidogo kama mpira kisha ukarudi mahali pake. Mchezo huo wa kunyumbuka haukuwekwa kwa pambo, kwani humwambia mtumiaji, bila neno lolote, kuwa ukurasa umekwisha na kifaa hakijakwama. Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, alisimulia mwaka 2010 kuwa ni mteremko huo wa ukurasa, alioonyeshwa katika kibao cha majaribio, uliomfanya akiweke kibao kando na kuanza na simu. Ndipo iPhone ya mwaka 2007 ikatangulia, na kibao kikaja miaka mitatu baadaye.

Fauka ya hayo, kipanya kina hali ambayo kidole hakina. Kishale chaweza kukaa juu ya neno bila kulibofya, na menyu ikajifunua. Ilhali kidole ama kimegusa ama hakikugusa. Kurasa nyingi za intaneti za zama hizo zilitegemea hali hiyo ya kuelea, na hii ni mojawapo ya hoja alizozitoa Jobs mwezi Aprili 2010 alipoeleza sababu za kuikataa programu ya Flash, iliyoendesha video na michezo katika kurasa hizo. Hoja zake nyingine zilikuwa na masilahi ya biashara ndani yake, lakini hii ilikuwa ya kweli.

Kulikuwa pia na suala la nafasi. Siku iPad ilipotangazwa, tarehe 27 Januari 2010, duka la programu la Apple lilikuwa na programu zaidi ya 140,000 za simu, na karibu zote ziliweza kufunguka katika kioo kile cha inchi 9.7, ama zikiwa ndogo katikati ya weusi, ama zikiwa zimekuzwa maradufu, herufi zikachakaa. Apple haikuridhika na urithi huo. Iliwapa waandishi wa programu vyombo vipya siku ile ile, ikawaagiza wapange orodha upande mmoja na yaliyomo upande wa pili, ikaandika upya programu zake za nyaraka, hesabu na maonyesho, na ikasisitiza kipimo cha kitufe kisichopungua pointi 44 kwa 44, upana ambao kidole cha mtu mzima chaweza kuupata bila kukosea jirani.

Ushahidi wa thamani ya kazi hiyo twaupata kwa washindani. Vishikwambi vya Android vya mwaka 2010, kama Galaxy Tab ya Samsung, vilikuwa na kioo kizuri, lakini viliendeshwa na mfumo wa simu, na programu zake zilionekana kama kanzu ya mtoto iliyovutwa ili imwenee baba. Mwezi Februari 2011 ndipo Google ilipotoa Android 3.0, iliyosanifiwa kwa vibao.

Nasi tumeuona mwisho wa safari hiyo kwa macho yetu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 makarani wa Tanzania walikwenda nyumba kwa nyumba na vishikwambi, wakauliza na kugusa majibu, hadi ikapatikana hesabu ya watu 61,741,120. Kisha vifaa vile vikagawiwa walimu. Kwa hiyo nawasihi vijana wetu wanaoandika programu za shule na zahanati wasikimbilie kuchukua fomu ya karatasi wakaibandika juu ya kioo. Fomu hiyo ilipimwa kwa kalamu. Atakayeijaza ana kidole.